Ficha geji, usifiche onyo: hotuba yangu ya Jumapili kwa ambao hamkufika

Wengi mliokosa mkutano wetu wa wenye magari mmeomba niwawekee nilichosema kuhusu geji za ziada, vile vipimo vya kuongeza ndani ya gari, na mahali pa kuzificha, basi hiki hapa chote, nimekiandika karibu kama nilivyokiongea. Picha nilizokuwa naonyesha ukutani nimeziacha, maneno yatawafikisha.

Wakubwa shikamooni, na wengine wote habari za asubuhi. Mimi ni fundi umeme wa magari, sio mtu wa hotuba, kwahiyo mnivumilie nikiruka huku na huku. Naona humu kuna watu wa Forester, kuna watu wa Altezza, kina baba wa Prado na Land Cruiser wamekaa mbele kama kawaida yao, na kule nyuma kuna dada zangu na kaka zangu wa Vitz wamenyamaza wanadhani mada haiwahusu. Inawahusu. Tena nyie ndo inawahusu kuliko hawa wa mbele.

Nianze na swali. Nani hapa ameshawahi kuona mshale wa joto wa gari yake unacheza? Yaani unapanda kidogo mlimani, unashuka kidogo ukiteremka? Nyoosheni mikono. Mnaona? Karibu hamna. Sasa jiulizeni, injini inapanda mlima na mzigo, inakaa foleni ya Ubungo saa nane mchana AC imewashwa, alfajiri inateleza barabara ya Bagamoyo na upepo wa baridi, na muda wote huo joto lake liwe moja tu? Haiwezekani jamani. Joto linabadilika, ila mshale umewekwa usikwambie. Kwenye gari nyingi za siku hizi ule mshale umetulizwa makusudi, maji yakiwa nyuzi 80 uko katikati, yakifika 100 uko katikati, maana dereva akiona mshale unacheza anapata wasiwasi anarudisha gari dukani kulalamika. Ukiona umenyanyuka ujue mambo yameshaharibika. Na Vitz nyingi hata huo mshale hazina, zina kitaa cha bluu injini ikiwa baridi na chekundu ikishachemka, katikati hapo hamna habari yoyote.

Kuna mteja wangu mmoja alikuwa anaenda Mbeya na familia, Noah imejaa watu na mabegi hadi juu. Mnaujua mlima Kitonga wale mnaopita njia ya Iringa. Mbele lori, nyuma lori, gia ya chini, mwendo wa kutembea kwa miguu, upepo wa kupooza rejeta hamna, na AC inaunguruma kwasababu mama mkwe yuko nyuma analalamika joto. Mshale uko katikati. Anapanda, mshale uko katikati. Akiwa karibu kumaliza ukanyanyuka mara moja mpaka juu, na Kitonga pa kuegesha ni pa kutafuta, upande mmoja mwamba upande mwingine korongo, mpaka anapata mahali pa kusimama hedi gasketi, ile inayoziba kati ya hedi na blok ya injini, imeshakwenda. Sasa huyu angekuwa na geji ya namba angeona 98, angeona 102, angeona 106. Hapo 102 angezima AC akafungua vioo, ikifika 106 angewasha hita ya ndani full, mama mkwe angenuna lakini injini ingepona, maana ile hita inachukua joto kwenye maji ya injini na kulitupa ndani ya gari. Alikuwa na muda wa kutosha wa kufanya yote hayo. Alichokosa ni taarifa tu.

Kwahiyo geji ya ziada sidhani kama kuna anayebisha. Tunagombana kwenye kuiweka wapi.

Na hapa niseme ukweli wangu, mnisamehe wale ambao magari yenu nimeyaona pale nje. Geji tatu zimepandishwa kwenye nguzo ya kioo cha mbele zimeviringana kama sega la nyuki, taa bluu, taa nyekundu, ile sio taarifa, ile ni harusi. Sina shida na urembo. Ila hebu tuulizane, hivi nani ameshapaki gari yenye geji za nguzoni sehemu kama Kariakoo akarudi akazikuta? Kuna kijana aliniletea Impreza, alikuwa ameenda kula tu, amerudi kioo cha mlango kipo chini vipande vipande, geji mbili hazipo, na mwizi hajafungua vizuri, amevuta. Amevuta na waya zikaja nazo, zikang'oa na kifuniko cha nguzo, waya wa moto ukabaki unaning'inia unagusa bodi, fyuzi hamna. Kilichomuokoa ni kwamba ule umeme ulikuwa hauji mpaka ufungue swichi, bila hivyo angekuta gari linafuka moshi. Geji zenyewe ni hela, lakini kioo, kifuniko na kazi ya kurudisha waya vilizidi bei ya geji.

Sababu ya pili ya kuficha ni eabegi, ule mfuko wa hewa unaokukinga gari ikigonga, na hii naomba mnisikilize vizuri. Eabegi ikilipuka inajaa ndani ya muda ambao ni chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kitu chochote kilichokaa njiani kinageuka jiwe la manati. Kabla hujagusa nguzo angalia kifuniko chake, kikiwa na maandishi ya SRS au Airbag maana yake pazia la eabegi limepita humo, usiweke geji, usitoboe, usipitishe hata waya. Juu ya dashi mbele ya abiria vivyo hivyo. Gari nyingine zina eabegi ya magoti chini ya usukani, kwahiyo na pale chini pasikudanganye. Ukifungua mahali ukakuta soketi za njano na waya zenye ganda la njano, funga ulivyokuta. Mtu akwambie "hizi za Japani eabegi zake haziwaki tena, weka tu", huyo hatakuwepo siku hiyo na uso sio wake.

Sababu ya tatu ni macho yako mwenyewe. Geji ikikaa juu usiku inaakisi kwenye kioo cha mbele, unaendesha barabara ya Morogoro unaona namba zinaelea juu ya lori linalokuja. Na jua letu hili la Dar linaila, gundi ya pande mbili inalainika mchana, siku moja unakata kona geji inakuangukia mapajani.

Haya. Tumekubaliana kuficha. Sasa kuficha kukoje? Maana kuna kuficha na kuna kuzika.

Nilishaletewa Forester ya tabo, ile inayosukuma hewa ya ziada kwenye injini, injini inagonga, kijana anasema "fundi nilikuwa na geji ya oil presha nashangaa". Nikamuuliza iko wapi. Akafungua kile kisanduku cha katikati pale mnapoegesha kiwiko, akainua mfuniko, hiyo hapo, safi kabisa, imepigwa vizuri tena kwa ufundi. Nikamuuliza ukiwa unaendesha mfuniko unaufungua? Akacheka kwanza halafu akaacha kucheka. Mafuta yalikuwa yamepungua, hizi Subaru zina kawaida ya kula oil na wengi hamchomoi ile stiki mpaka siku ya sevisi, akaingia kona ndefu kwa kasi, mafuta yakakimbilia upande mmoja, pampu ikavuta hewa, bearingi za fimbo za pistoni zikasagika. Geji ilionyesha yote hayo, gizani, chini ya mfuniko, pamoja na chenji na risiti za mafuta.

Mtasema mbona kuna taa ya oil kwenye dashi? Ndugu zangu ile taa kwenye gari nyingi inawaka presha ikishashuka mpaka karibu psi 5, psi ndo kipimo cha presha. Mafundi tuna kipimo cha haraka, injini ikiwa ya moto uwe na kama psi 10 kwa kila mizunguko 1000 ya injini kwa dakika, kwahiyo kwenye 4000 unatarajia 40 hivi. Ikiwa 15 injini inalia, na taa bado imezima, kwa taa psi 15 ni nzuri tu.

Kwahiyo mimi swali langu kwa mteja huwa sio "unataka iwe wapi", namuuliza kwanza unapima nini. Kinachoua injini kwa sekunde, lazima kiwe karibu na macho au kiwe na kelele. Oil presha ni sekunde. Boosti, yaani presha ya hewa inayosukumwa na tabo, kwenye tabo iliyoongezwa nguvu ni sekunde. Joto la maji ni dakika. Joto la gia boksi ya otomatiki ni dakika nyingi, hiyo unaweza kuitazama kwenye taa za barabarani. Volti za betri ni safari nzima, injini ikiwaka uone 13.5 mpaka 14.5, unaangalia asubuhi umemaliza. Sasa ukishajua hivyo, sehemu zinajipanga zenyewe. Volti unaweza kuzificha hata mahali pa kuinama. Oil presha ukitaka kuificha ifiche, lakini uweke na baza ya kupiga kelele na taa ndogo nyekundu mbele ya macho. Ficha geji, usifiche onyo. Geji nyingi nzuri zina sehemu ya kuweka kiwango cha kupiga kelele, na yako ikiwa haina, sensa ya presha, yaani kipimio kinachofungwa kwenye injini, inayokata kwenye kiwango kikubwa kuliko ile ya kiwandani pamoja na baza ni kitu cha bei ya kawaida kabisa.

Sasa sehemu. Hapa ndo nilikuwa napataka.

Ninayoipenda kuliko zote ni ashtrei. Gari za Japani za zamani karibu zote zinayo, katikati chini ya redio, na wengi humu hamvuti sigara, mnawekea stika za bima na pipi. Ashtrei ina vitu vitatu nyie hamvioni: ina mfuniko, ina kina, na mara nyingi ina kitaa chake na iko jirani na soketi ya kuwashia sigara, maana yake umeme upo pale pale. Geji nyingi ni za kipenyo cha milimita 52 au 60. Msinunue 60 kwa ajili ya ashtrei, nunua 52. Kabla ya kununua chukua boksi la kiatu, kata duara la milimita 52, lisimamishe mle ndani mfuniko ukiwa wazi, kaa kwenye kiti kama unavyokaa siku zote usijinyooshe, uone unalisoma lote au usukani na mti wa gia unakula nusu. Na ujaribu kwenye D, sio kwenye P tu, maana gari nyingine ukiweka P mti wa gia unasimama mbele kabisa unaziba kila kitu, nyingine ni kinyume chake. Halafu pima kina, geji ina mkia, nyuma kuna soketi na waya zinazotaka kukunja, ongeza sentimita mbili tatu juu ya urefu wa geji yenyewe. Ukiona imeenea, kile kikombe cha ndani unakitoa unakiweka kabatini ili siku unauza gari unarudisha kama ilivyokuja, geji unaikalisha kwenye kipande cha plastiki nene ulichokikata kwa umbo la kikombe, imeinamia upande wa dereva kidogo na imetazama juu kidogo. Hiyo kuinama ndo kazi yenyewe, watu wengi wanaiweka imenyooka, wanaishia kusoma upande wa kioo unaometa. Ukipaki unafunga mfuniko, mwizi akichungulia anaona ashtrei.

Ya pili ni nafasi ya redio. Wengi mmeshatoa zile redio za Kijapani za nafasi mbili mkaweka redio ya nafasi moja, chini yake kumebaki shimo mnaweka simu. Lile shimo lina upana wa sentimita 18 na kimo cha sentimita 5, geji tatu za 52 zinaingia kwa kubanana na vipande vya kuzishikia vipo madukani vimeshatobolewa. Kina hapo sio tatizo. Tatizo ni kwamba ziko chini, kwahiyo hapo weka za dakika, maji, gia boksi na volti.

Ya tatu, kama Forester yako ina kile kisanduku chenye mfuniko juu ya dashi katikati, umebarikiwa na hujui. Mfuniko ukiinuliwa unakuwa kivuli dhidi ya jua, ukifungwa hamna kitu. Hiyo ndo sehemu ya oil presha na boosti.

Tundu la AC la pembeni kwa dereva watu wanalitumia sana, liko karibu na macho, zuri, ila kwa Dar mimi silishauri, utatoka jasho. Mtu wa Makambako au Njombe afanye. Na ukilitumia kumbuka hita ikiwashwa geji inapigwa na hewa ya moto na AC inaipiga ya baridi, zile za bei rahisi kioo kinaingia ukungu kwa ndani. Kishubaka cha chenji karibu na goti la kulia, sawa kwa volti. Zile swichi feki za plastiki zisizo na kazi upande wa kulia wa usukani, nyie watu wa Vitz nisikilizeni, kuna vigeji vya namba vidogo vinaingia kwenye tundu la swichi moja, vingine vya volti vingine vya joto, mtu hajui kama sio swichi. Na kama gari yako ina soketi ya OBD, ile mafundi tunayochomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari, kuna vionyeshi vidogo vya kuchomeka vinasoma joto la maji moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta ya gari, namba halisi, sio ule mshale uliotulizwa, hutoboi chochote. Kwa Vitz hiyo ndo ya kuanza nayo.

Wazee wa Land Cruiser nisiwasahau. Injini ya 1HZ ni dizeli ya lita 4.2 iliyotoka kiwandani bila tabo, na mnapenda kuiongezea tabo. Ongezeni, lakini bila geji ya joto la moshi mnachezea pistoni. Kuna dereva mmoja wa watalii Arusha, mzee wa makamo, gari yake ilifungwa tabo, na sehemu ya redio imeshaliwa na redio kolu, ile ya mawasiliano. Geji tuliishusha kona ya chini kati ya usukani na mlango wake, mtalii aliyekaa kiti cha kushoto haioni hata kidogo, mzee anaiona kwa kushusha jicho. Sensa iko kwenye manifoldi, pale moshi unapotokea kwenye injini, kabla ya tabo. Akipandisha kwenda ukingo wa Ngorongoro na watalii sita na friji, ikifika nyuzi 650 anarudisha gia moja na kupunguza mguu, inashuka. Hasubiri 700. Aliniambia mwanzo alikuwa anaikanyaga tu kwa sikio, na sikio halisikii joto.

Na msidhani hii ya kuinamisha geji kwa dereva ni ubunifu wangu. Datsun 240Z, ile iliyoshinda Safari Rally 1971 na 1973, mara ya pili akiendesha Shekhar Mehta, dashi yake ya kiwandani ina vishimo vitatu katikati, virefu kwenda ndani, vimegeuzwa upande wa dereva. Kimoja maji na oil, cha kati ampea na mafuta ya tenki, cha mwisho saa. Vile vishimo kuwa virefu ndo kunakata mwanga wa jua na kuakisi kwenye kioo. Ukikata bomba la plastiki sentimita tatu ukalipaka rangi nyeusi isiyong'aa ukalivisha geji yako, umepata kitu kilekile.

Upande wa waya nitapita haraka kwasababu nusu yenu mtamwachia fundi. Fyuzi yake yenyewe, ndogo, ya ampea 3 au 5, karibu na unapochukulia umeme. Umeme uchukue unaokuja ukifungua swichi. Waya wa taa ndogo uunganishe ili usiku geji ipunguze mwanga. Kupita ukuta wa injini tumia tundu lenye mpira lililopo tayari, ukitoboa chuma kitupu waya utakatwa na ukingo wa bati. Usikubali geji ya oil ya zamani inayoleta oil yenyewe ndani kwa kijibomba, siku kikipasuka oil ya moto inakumwagikia miguuni, chukua ya sensa ya umeme. Na hiyo sensa, tundu la oil kwenye gari za Kijapani ni uzi wa 1/8 PT na geji za Kimarekani zinakuja na 1/8 NPT, moja ina meno 28 kwa inchi nyingine 27, zinaanza kuingia vizuri halafu zinakaza, mtu analazimisha, blok linapasuka au linavuja. Tafuta adapta. Kwenye Subaru swichi ya oil iko chini ya alteneta, ukiitafuta kwingine utapoteza asubuhi yako.

Swali la yule dada pale mbele nalijibu hapahapa kwasababu ni zuri, ameuliza je maji yakivuja yote geji ya joto itamwambia? Inaweza isimwambie! Sensa inapima ikiwa imezama kwenye maji, maji yakiisha inabaki kwenye hewa na namba inaweza kukaa palepale au hata kushuka wakati hedi inaungua. Ndo maana kwa watu wa safari ndefu nashauri sensa ya pili ya pete, unaifunga kwa bolti kwenye chuma cha hedi, inapima chuma chenyewe, iwe na maji isiwe na maji. Hiyo haihitaji hata geji. Baza tu nyuma ya dashi, haionekani, haiibiwi, inatosha.

Nje nimepaki Forester na Vitz zimefunguliwa dashi, maboksi ya viatu yapo na mikasi ipo. Njooni mmoja mmoja mkate duara lenu mkajaribu kwenye gari zenu, wa Vitz waanze, na yule mwenye Impreza ya geji tatu nguzoni usiondoke kwanza, tuangalie kile kifuniko chako kina maandishi gani.